Huku Dini Ni Kabila

Maneno niliyowaambia Waswahili wenzangu wa Belfast, Ireland Kaskazini, jioni ya tarehe 11 Julai. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni.

Asalaam aleikum! Tumsifu Yesu Kristo! Bwana asifiwe!

Mmejisikia wenyewe? Salamu tatu, majibu matatu. Hawa wa mbele wamesema "waaleikum salaam", wale wa dirishani "milele amina", na kule nyuma nimesikia "amina" moja ndefu ya kwaya. Sijamuuliza mtu dini yake, lakini kama ningekuwa na daftari ningeshawapanga mafungu. Nyumbani tumezoea. Mheshimiwa akipanda jukwaani anazitoa zote tatu asije akapoteza kura, tunaitikia, tunaketi, yanaisha.

Hapa Belfast watu walipangana kwa herufi moja. Herufi H. Aliyesoma shule za Kikatoliki huitamka "heich", aliyesoma zile nyingine husema "eich". Wenyeji wa umri wangu wanasimulia kwamba ulikuwapo wakati ukisimamishwa usiku na vijana usiowajua, wakakuambia taja alfabeti, basi ulijua roho yako imewekwa kwenye herufi ya nane.

Nimeombwa nizungumze leo kwa sababu wengi wenu mmefika mwaka huu, na usiku huu mtaona mambo. Dada mmoja alinipigia simu kutwa ya jana: "Kaka, kuna mnara wa mbao hapa mtaani, umelipita ghorofa letu, wanajenga nini?" Nikamwambia, wanajenga wauchome. Ni paleti tupu zimepangwa wiki nzima, na saa sita usiku zitawashwa. Kesho asubuhi zitapita bendi za filimbi, ngoma kubwa za Lambeg ambazo mlio wake unausikia kifuani kabla ya masikioni, na wazee wenye kofia nyeusi za duara na mikanda ya rangi ya machungwa shingoni. Mabasi mengi yatabadilisha njia. Wenye zamu hospitalini, ondokeni mapema.

Sasa, kwa nini. Nitaanza na karatasi, maana wengi wenu mmeshakutana nayo.

Ukiomba kazi hapa, mara nyingi kuna fomu ya pembeni. Inakueleza kwamba hata kama hushiki dini yoyote, watu wengi wa Ireland Kaskazini huhesabiwa kuwa ama Wakatoliki ama Waprotestanti. Halafu inakutaka uweke alama: natoka jamii ya Kiprotestanti, natoka jamii ya Kikatoliki, au sitoki kwenye yoyote kati ya hizo. Msiiogope. Ni sheria ya mwaka 1989, nayo iliwekwa kwa nia njema, ili mwajiri anayebagua aonekane kwa hesabu. Ukiiacha wazi, mwajiri anaweza kukukisia kwa mambo mengine uliyoandika, kama vile shule ya msingi uliyosoma. Mimi nimesoma shule ya msingi Tanga, ya serikali, darasa la watoto sabini. Sijui angekisia nini.

Lisomeni tena lile swali. Haliulizi unasali wapi, wala kama unasali. Linauliza umetoka kwa watu gani. Nasi tunalijua swali hilo kwa jina lake la kwetu: wewe kabila gani? Huku dini ni kabila. Mtu anaweza kuwa hajakanyaga kanisani tangu abatizwe, haamini pepo wala moto, na bado akawa Mprotestanti wa kufa na kupona. Kuna mzaha wao wa zamani kuhusu Myahudi aliyeulizwa kama ni Myahudi wa Kikatoliki au wa Kiprotestanti. Mimi nimeulizwa kweli. Mzee mmoja wodini, namfunga kipimo cha presha, akaniuliza dini yangu. Nikamwambia Mwislamu. Akafikiri kidogo, uso mkavu kabisa: "Sawa, lakini Mwislamu wa upande gani?"

Ugomvi huu ulianza shambani. Mwaka 1607 watawala wa kienyeji wa Ulster, akina Hugh O'Neill, waliposhindwa na Waingereza walipanda meli wakakimbilia Ulaya bara. Mfalme akatwaa ardhi yao, na kuanzia 1609 akaigawa kwa walowezi kutoka Uskoti na Uingereza. Mlowezi alikuwa Mprotestanti, mwenyeji aliyesukumwa kwenye vilima na mabwawa alikuwa Mkatoliki. Mkenya yeyote aliyekaa hapa hahitaji nimfafanulie neno mlowezi. Mji wa Derry ukapewa makampuni ya wafanyabiashara wa London, ukaitwa Londonderry. Jina hilo ni kama risiti ya kiwanja. Ndiyo maana hadi leo ukisema Derry umejitaja, na ukisema Londonderry umejitaja vilevile. Wenye tahadhari huandika yote mawili na mkwaju katikati.

Mwaka 1641 Wakatoliki walikuwa bado na karibu asilimia 60 ya ardhi ya Ireland. Kufika 1703, baada ya vita vya Cromwell, jemadari wa Uingereza, na vingine, wamebaki na asilimia 14 hivi. Zikafuata sheria za kuwafunga mikono. Mkatoliki hakuruhusiwa kununua ardhi. Akifa, shamba lake lilikatwakatwa kati ya watoto wake wote wa kiume, lakini mkubwa akibadili dini, analichukua lote yeye. Fikirieni kikao cha familia hapo. Na farasi: Mkatoliki hakuruhusiwa kuwa na farasi wa thamani ya zaidi ya pauni 5. Mprotestanti yeyote angeweza kumsimamisha barabarani, akamwekea pauni 5 mkononi, akaondoka na farasi. Ukitaka kujua chuki ya miaka mia tatu inapikwaje, tazama yule mtu aliyebaki barabarani ameshika tandiko.

Basi mioto ya leo ni ya nini? Ni ya vita vya mto Boyne, mwaka 1690. Wafalme wawili, mkwe na mkwewe, wanagombea kiti cha Uingereza kwenye shamba la watu. James wa Pili, Mkatoliki, amefukuzwa London, anasaidiwa na Louis wa Ufaransa. William wa Orange, mtawala kutoka Uholanzi, Mprotestanti, amemuoa binti wa James. William akashinda. Mtamwona kesho kwenye mabango, juu ya farasi mweupe. Wasichochora kwenye bango ni kwamba William alikuwa kwenye muungano mmoja na watawala Wakatoliki wa Austria na Hispania, wote wakimpinga Louis. Na hii ninaipenda: vita vilipiganwa tarehe 1 Julai kwa kalenda ya wakati ule. Uingereza ilipohamia kalenda mpya mwaka 1752, sherehe nayo ikasogea mbele. Kalenda yenyewe ilikuwa ya Papa Gregory. Msiwaambie hilo kesho, ngoja wamalize filimbi.

Hapo ndipo wageni wengi hudhani wameshaelewa: wenyeji Wakatoliki huku, walowezi Waprotestanti kule. Lakini kabila la huku halijakaa vizuri kwenye sanduku lake hata siku moja. Wengi wa wale Waskoti walikuwa Wapresbiteri, na sheria za Waanglikana waliokuwa madarakani ziliwabana na wao pia. Hivyo Oktoba 1791, hapahapa Belfast, kundi la Wapresbiteri wengi wao wafanyabiashara, pamoja na mwanasheria Mwanglikana kutoka Dublin aliyeitwa Theobald Wolfe Tone, walianzisha chama cha Waairishi Walioungana. Tone alitaka majina ya Mkatoliki, Mprotestanti na Mpresbiteri yafutwe, libaki moja tu, Mwairishi. Mwaka 1798 wakanyanyua silaha. Henry Joy McCracken, Mpresbiteri, mtu wa viwanda vya pamba, aliongoza maasi ya Antrim, akanyongwa Julai 17 pale Cornmarket. Cornmarket hii mnayokatiza mkienda kununua simu.

Tunapenda kuisimulia hadithi hii na kuishia hapo, tumwage machozi kidogo. Mwaka uleule, kule Wexford, waasi waliwafungia watu zaidi ya mia, wengi wao Waprotestanti, ndani ya ghala la Scullabogue wakalitia moto. Habari zikafika kaskazini. Miaka mitatu kabla yake, huko Armagh, kilikuwa kimeshazaliwa chama cha Orange, hawa watakaoandamana kesho. Wajukuu wa Wapresbiteri waliopigana pamoja na Wakatoliki wakajikuta wamevaa mikanda ya machungwa.

Njaa ya 1845 sitakaa nayo sana. Viazi viliugua, watu kama milioni moja wakafa, zaidi ya milioni moja wakapanda meli. Itoshe kusema kwamba zilikuwapo sehemu ambapo wahubiri wa Kiprotestanti waligawa supu kwa masharti ya kubadili dini, na neno la kumwita mtu "aliyekunywa supu" ni tusi hadi leo.

Nataka nikae na mtu mmoja, hasa kwa ndugu zetu wa Kongo waliopo. Mnaujua ule uwanja wa Casement Park huku magharibi mwa mji, ambao haujachezewa mechi tangu 2013? Roger Casement ndiye yule balozi mdogo wa Uingereza aliyesafiri Kongo ya juu mwaka 1903, akaandika ripoti iliyochapishwa 1904 kuhusu utawala wa mpira wa Mfalme Leopold: vijiji vilivyokimbiwa, mateka, mikono iliyokatwa. Babu zenu walimweleza, naye akaandika. Sasa tazameni alivyokuwa yeye. Baba Mprotestanti, mama alimbatiza kwa siri Ukatoliki akiwa mtoto. Kazaliwa karibu na Dublin, kasomea Ballymena, kaskazini. Uingereza ikampa cheo cha heshima mwaka 1911. Mwaka 1914 akaenda Ujerumani kutafuta bunduki za kupigania uhuru wa Ireland, akarudi kwa nyambizi, akashuka pwani ya Kerry Aprili 1916, akakamatwa. Wakamnyonga London Agosti 3. Kabla ya kufa alipokewa rasmi kanisa Katoliki. Niambieni, kwenye fomu ile ya kazi angeweka alama wapi?

Aliomba azikwe Murlough Bay, ufukwe wa Antrim. Mwaka 1965 Uingereza ilikubali kuitoa mifupa yake, kwa sharti kwamba isipelekwe Ireland Kaskazini. Amelala Dublin, makaburi ya Glasnevin. Mpaka ule unazuia hata mifupa.

Mpaka wenyewe ulikujaje? London ilipotaka kuipa Ireland bunge lake, Waprotestanti wa kaskazini walikataa. Tarehe 28 Septemba 1912 na siku zilizozunguka hapo, watu karibu nusu milioni, wanaume na wanawake, walitia saini kiapo cha kupinga. Kauli yao ilikuwa kwamba kujitawala ni kutawaliwa na Roma. Na niseme ukweli hata kama utamuudhi mtu hapa: hawakuwa wanaota tu. Baadaye katiba ya kusini ilipiga marufuku talaka, na marufuku hiyo ilipoondolewa kwa kura ya maoni ya 1995 tofauti haikufika kura elfu kumi. Maaskofu walikuwa na kiti kwenye meza ambayo hawakuchaguliwa kukaa. Basi mwaka 1921 kisiwa kikakatwa, kaskazini ikabaki chini ya Uingereza. Ulster ina kaunti tisa, wakachukua sita, kwa sababu kwenye sita wangekuwa wengi wa kutosha na kwenye tisa wangeponea chupuchupu.

Hapa sasa ndipo ningependa yule anayesema "ni vita vya dini" asogee karibu. Kusini walipigana na Uingereza, wakapata dola yao kwa mkataba wa Desemba 1921. Bunge la Dublin likaupitisha kwa kura 64 dhidi ya 57. Waliogombana baada ya hapo walikuwa karibu wote Wakatoliki, wamepigana bega kwa bega, wamefungwa pamoja, wanasali rozari moja. Kilichowagawa zaidi ni kiapo kwa mfalme wa Uingereza, zaidi hata ya mpaka. Kevin O'Higgins alioa Oktoba 1921, na msimamizi wake wa ndoa alikuwa Rory O'Connor. Desemba 1922 O'Higgins ni waziri, O'Connor yuko gerezani upande wa wapinga mkataba. Mbunge mmoja, Seán Hales, akapigwa risasi Dublin. Serikali ikaamua kulipiza: wafungwa wanne watolewe wapigwe risasi bila kesi, O'Connor akiwemo. O'Higgins alisita, halafu akakubali. Alfajiri ya Desemba 8 msimamizi wa ndoa akafa. Miezi kumi na minne haijatimia tangu harusi.

Na huyo Seán Hales aliyeuawa, kaka yake Tom alikuwa upande wa pili, tena ndiye aliyekuwa kiongozi kwenye shambulio la kuvizia la Agosti 1922 alipouawa Michael Collins, mkuu wa jeshi la serikali. O'Higgins naye alipigwa risasi akienda misa ya Jumapili, tarehe 10 Julai 1927. Jana ilikuwa kumbukumbu yake, sikuona aliyewasha moto. Serikali ile iliwaua wafungwa zaidi ya 70, na maaskofu wakawanyima sakramenti wapiganaji wa upande wa pili. Vyama viwili vikubwa vya kusini, Fianna Fáil na Fine Gael, vilitoka kwenye ugomvi huo, na havikukaa serikali moja mpaka 2020. Uliza tofauti ya sera zao utapewa chai. Uliza babu zao walisimama wapi mwaka 1922, utajibiwa kabla hujamaliza swali.

Kaskazini nako, yale wenyeji wanayoyaita kwa neno lao lenye maana ya Matata hayakuanza na Biblia. Yalianza na nyumba na kura. Kwenye uchaguzi wa halmashauri kura ilikuwa ya mwenye nyumba, au aliyepangishwa nyumba nzima, na mke wake. Kijana anayekaa kwa wazazi hana. Anayegawa nyumba za halmashauri anagawa kura. Derry Wakatoliki walikuwa wengi, lakini kata zilichorwa hivi kwamba baraza lilikuwa na madiwani 12 wa upande wa Uingereza na 8 wa upande wao. Watu wakaandamana Oktoba 5, 1968, wakapigwa virungu. Agosti 1969 jeshi la Uingereza likaingia. Januari 30, 1972, wanajeshi waliwaua waandamanaji 13 Derry siku hiyohiyo, na wa kumi na nne akafa baadaye. Vijana wakapanga foleni kujiunga na IRA, jeshi la siri la kupigania Ireland moja. Mabomu ya hawa, risasi za wale, zaidi ya watu 3,500 mpaka 1998, kwenye nchi ya watu milioni moja na nusu. Kwa kujuana kwa huku, karibu kila familia iliguswa.

Mkataba wa Ijumaa Kuu, Aprili 10, 1998, ulikuwa na kifungu kimoja ambacho mimi kama mgeni nakihusudu: aliyezaliwa hapa anaweza kuwa Mwingereza, Mwairishi, au vyote viwili, kama anavyotaka mwenyewe. Asilimia 71 ya wapiga kura wa kaskazini wakaukubali. Mchungaji Ian Paisley, ambaye mwaka 1988 alimpigia kelele Papa John Paul wa Pili mbele ya Bunge la Ulaya kwamba yeye ndiye mpinga Kristo, alikaa mwaka 2007 kuongoza serikali pamoja na Martin McGuinness, aliyekuwa kamanda wa IRA. Walikuwa wanacheka pamoja mpaka watu wakawapa jina la utani la ndugu wawili wachekaji. Wengine walifurahi. Wengine, na ninawaelewa, waliuliza: kama mlikuwa mnaweza kucheka, wale 3,500 walikufa kwa ajili gani?

Kuta bado zipo. Kati ya Falls, mtaa wa Wakatoliki, na Shankill, wa Waprotestanti, kuna malango yanafungwa jioni, kama duka. Shule za mchanganyiko, ambazo ya kwanza ilifunguliwa 1981, hazijafikia hata mwanafunzi mmoja kati ya kumi. Na bungeni Stormont mbunge anajiandikisha: wa Muungano na Uingereza, Mzalendo wa Ireland moja, au "Mwingine". Kwenye kura nzito zinazohitaji pande mbili, huyo Mwingine hana upande wa kuhesabiwa.

Sisi ndio akina Mwingine. Agosti 2024 maduka ya wageni yalipochomwa hapa mjini, kwenye maandamano ya siku ile zilionekana bendera ya Uingereza na bendera ya Ireland zikitembea pamoja. Tone alitaka kuona pande hizo mbili zikikutana, lakini sidhani alitaka hivyo. Juni 2025 ikawa Ballymena, mji uleule Casement aliosomea. Wakazi wengine walibandika kwenye milango yao karatasi za kueleza ni nani anaishi ndani, ili wapitwe. Nilikuwa nasoma habari hiyo kazini, na yule mwenzangu wa zamu, mama aliyekulia Ardoyne, mtaa wa Wakatoliki hapa Belfast, akasema tu, "Tulikuwa tunafanya hivyo mwaka 1969."

Mtoto wangu wa mwisho amezaliwa hapa. Tulimpeleka shule iliyo jirani kwa sababu ipo karibu na kituo cha basi. Ikatokea ni ya Kikatoliki. Wiki iliyopita alikuwa sebuleni kwenye simu na bibi yake, anamtajia jina la mwalimu herufi kwa herufi, bibi anaandika huko Tanga. Jirani yetu, mama wa Kiprotestanti, alikuwa amekuja kurudisha bakuli la pilau, amesimama mlangoni. Mtoto akafika kwenye H. "Heich," akasema, kwa sauti.

Jirani akanitazama. "Haya basi," akaniambia, "naona mmeshapewa upande."

Tukacheka wote wawili. Mtoto hakujua tunacheka nini, akaendelea na herufi iliyofuata.